Mtaji ni amana: nasaha kwa wenye maduka madogo

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya biashara ya Bibi Khadija (R.A.) na akarudi nayo imezidi.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, Ijumaa hii nakusudia kuzungumza na wenye maduka madogo na vibanda: wauza nguo wa Mchangani na Darajani, wauza urojo wa Forodhani, mafundi wa Mkunazini, na akina mama wa shamba wanaokaa na beseni la bidhaa mbele ya nyumba zao. Siku hizi huitwa wajasiriamali. Neno hilo limetufikia pamoja na semina na bahasha za posho, na wengi wetu tumelielewa kuwa maana yake ni kuomba mkopo. Kwa maoni yangu jambo lenyewe linaanzia mahali padogo kuliko hapo. Linaanzia katika mtoto wa meza, pale pesa za mauzo zinapowekwa, na katika swali la nani mwenye haki ya kuzichukua. Hili sikulijua kwa kusoma, ijapokuwa vitabu vyake nilikuwa nimevisoma. Nililijua kwa kuadhirika.

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima. Njia iletayo umeme kutoka Bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ilikuwa imepata hitilafu, na umeme haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Maji nayo yakawa ya shida, kwa kuwa pampu zinazoyavuta huendeshwa kwa umeme huo huo. Wakati ule nilikuwa nikisomesha, na pembeni nilikuwa na duka la vifaa vya skuli Mkunazini, na ndani yake mashine moja ya fotokopi niliyoinunua kwa akiba ya miaka minne. Duka lilikuwa likitazamwa vizuri. Wanafunzi walipanga foleni mpaka barazani, nami nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu wa biashara.

Siku ya kumi ya kiza sikuwa na kodi ya chumba. Siku ya kumi na mbili mke wangu alivua bangili zake mbili za dhahabu, akaniwekea juu ya meza bila ya kusema neno, nami nikazipeleka kwa sonara.

Mlango wa pili kutoka kwangu palikuwa na fundi cherahani, mtu mzima aliyeacha skuli mapema. Yeye kiza hakikumfungia duka. Cherahani yake ya umeme aliifunika kitambaa, akaitoa ghalani ile ya miguu ya marehemu baba yake, akaitia mafuta. Pasi ya mkaa ikawashwa. Jioni alitundika kandili na kuendelea kushona kanzu, kwani Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa inaingia Septemba na yeye alishaanza kuziandaa. Nilikaa kwenye baraza yake nikilalamika, naye akaniuliza huku mguu ukiendelea kukanyaga:

“Maalim, kopi moja inakugharimu nini?”

Nikamjibu kwa haraka. Riamu ya karatasi 500 nainunua kwa shilingi 5,000, basi karatasi moja ni shilingi 10, nami kopi naitoza 50. Faida ni 40.

“Na wino? Na yule fundi anayekuja kuifungua mashine? Na kodi? Na hiyo mashine itakapokufa, nyingine itanunuliwa na nani?”

Nikanyamaza.

“Na wewe mwenyewe unajilipa nini?”

Nikacheka kidogo, nikamwambia duka ni langu, nachukua ninachohitaji. Akasimamisha cherahani. “Basi hapo ndipo umeme wako ulipokatikia, Maalim.”

Alisema kweli. Kila jioni nilikuwa nafungua mtoto wa meza, natoa za mkate, za samaki, za nauli ya watoto, na za jamaa aliyekuja na shida. Kilichobaki nikikiita faida, na siku ambayo hakikubaki kitu nikisema biashara ilikuwa nzito. Karatasi zikiisha nakopa riamu mbili. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa naila mashine yangu kipande kwa kipande, nami nasema Alhamdulillahi.

Kilichoniumiza zaidi ni hadithi moja niliyokuwa nikiisomesha kila mwaka. Ameipokea Anas bin Malik (R.A.), na imo katika Sunan ya Abu Daud. Wanavyuoni wameizungumza sanadi yake, lakini wameendelea kuinukuu. Mtu katika Maansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Akaulizwa kama nyumbani hana kitu chochote, akasema anacho kitambaa wanachojifunika upande na kutandika upande, na bakuli la kunywea maji. Mtume (S.A.W.) akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu. Wa kwanza akatoa dirhamu moja, Mtume akaendelea kunadi mpaka akapatikana wa dirhamu mbili. Akampa Mansari pesa zake, akamwelekeza dirhamu moja anunue chakula cha nyumbani na ya pili anunue shoka. Shoka lilipoletwa akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma yule bwana akakate kuni na kuziuza, na asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Miaka yote nilikuwa naisomesha hadithi hii kuwa ni makatazo ya kuomba, na ni kweli ni makatazo ya kuomba. Lakini itazame hesabu yake. Mtu yule alikuwa na njaa, watoto wake wana njaa, na pesa zilikuwa mbili tu. Juu ya hivyo hakuachiwa azile zote. Nusu nzima ilitengwa, ikawa haiguswi, ikageuzwa chombo cha kazi. Kisha akapewa muda maalumu wa kurudi na hesabu. Na ule mnada wenyewe ni somo, kwani bei ya kwanza haikukubaliwa papo hapo. Mimi niliyekuwa na mashine ya fotokopi nilikuwa sijafika alipofika mkata kuni.

Mlango wa pili wa hasara ni deni, na hapa Wazanzibari tuna maradhi yetu wenyewe yanayoitwa muhali. Jirani anakuja kuchukua kilo ya mchele, anasema nitakuletea, na mwenye duka anaona aibu kutoa daftari mbele yake, kana kwamba kuandika ni kumtuhumu. Mwisho wa mwezi kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na urafiki wa miaka ishirini unavunjika kwa shilingi elfu kumi na tano. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kwa ajili ya kuandika deni. Inaamrisha liandikwe likiwa dogo au kubwa, na inakataza kuchoka kuandika. Mwenyezi Mungu ametuondolea muhali kabla hatujazaliwa, nasi tumeurudisha. Na nimuulize ndugu yangu mwenye duka: Zaka ya biashara, asilimia mbili na nusu ya mali iliyofika kiwango na kukamilisha mwaka, unaitoaje ikiwa hujui duka lina nini, unadai nini na unadaiwa nini? Wengi hutoa kwa kukisia, wakamaliza.

Wala hili si la wadogo pekee. Wenye mashamba ya karafuu wa visiwa hivi, miongoni mwao watu wa miti elfu na zaidi, waliingia katika miaka ya 1930 wakiwa wamezama katika madeni. Walizoea kukopa kwa karafuu ambazo bado ziko mtini, wakala msimu kabla haujafika, na bei ilipoanguka mashamba yakawa rehani. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kuwazuia Waarabu na Waafrika wasipoteze ardhi zao kwa wadai. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba miaka saba ya neema, na sisi tuna masika kila mwaka, mvua inanyesha na watalii wanapungua, lakini kila mwaka masika yanatukuta kama wageni. Machi 2020 ndege zao ziliposimama kwa ajili ya maradhi ya korona, mtaa wa Gizenga ukawa milango mitupu. Lile lilikuwa janga la dunia nzima na simlaumu mtu. Nilichoona ni kwamba mwenye akiba ya miezi mitatu alifungua tena, na asiyekuwa nayo aliuza rafu zake.

Nimetaja Gizenga, basi niseme na hili. Maduka kumi mfululizo yanauza picha zile zile za tingatinga, vikoi vile vile na sumaku zile zile za kubandika kwenye friji. Mmoja akifanikiwa, wa pili anafungua ubavuni pake bidhaa hiyo hiyo, kisha wote wawili wanashushiana bei mpaka hakuna anayepata. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina, ndugu yake Saad bin Rabii (R.A.) alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akaomba aoneshwe soko liko wapi. Akaanza na samli na jibini kavu. Hakuanza kwa kutafuta mtaji, alianza kwa kwenda kutazama watu wanataka nini.

Mfano wa karibu uko pwani ya mashariki. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, na kwa miaka mingi akina mama walishuka maji ya bamvua yakitoka, wakafunga mwani kwenye kamba, wakauanika na kuuza mkavu kwa kilo, kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Bahari ilipoanza kuwa na joto zaidi, aina ya kotonii yenye bei nzuri ikawa inakufa kwenye maji mafupi, ikabaki spinosi ya bei ndogo. Katika miaka iliyofuata 2006, kwa juhudi za mtaalamu wa bahari Dk. Flower Msuya na wenzake, vikundi vya akina mama, wakiwamo wa Paje na Kidoti, vilijifunza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni. Kipande cha sabuni hakihitaji mwani mwingi, na bei yake anaitaja aliyekitengeneza. Sisemi wametajirika. Mafuta ya nazi na magadi hununuliwa kwa pesa, na sabuni isiyo na mnunuzi ni hasara kama bidhaa nyingine yoyote. Lakini walikataa kubaki wauzaji wa kitu kimoja kwa mtu mmoja.

Nirudi kwenye kiza, kwani kilituonesha na ubaya wetu. Wako waliowasha jenereta wakachaji simu za watu kwa malipo, na hiyo ni kazi halali, mafuta hununuliwa na mashine huchakaa. Wako waliochota maji visimani wakayasukuma kwa mkokoteni hadi ghorofa za Mji Mkongwe, nao wanastahiki ujira wao. Lakini wako pia walioficha mishumaa na mafuta ya taa wakisubiri bei ipande. Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosefu. Katika madhehebu yetu ya Shafii wengi wameliwekea katazo hilo mpaka wa chakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliona kila kinachodhuru watu kwa kuzuiliwa kimo ndani yake, na kwa niliyoyaona mwaka ule, moyo wangu uko pamoja naye. Kuona haja ya watu ndiyo akili ya biashara. Kuizidisha haja hiyo kwa makusudi ni jambo jingine.

Umeme ulikatika tena tarehe 10 Disemba 2009, na mara hii haukurudi mpaka tarehe 9 Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kuzinduliwa 2013. Miezi ile mitatu mashine yangu ilikaa kimya, lakini duka halikufungwa. Nilikuwa nimeongeza madaftari, kalamu na misahafu, vitu visivyotaka umeme. Nilikuwa na makopo mawili, moja la duka na moja la nyumbani, na mshahara wangu mwenyewe ulioandikwa, mdogo wa kuchekesha. Jamaa wenye shida waliambiwa wangoje mwisho wa mwezi, na wawili kati yao wamenikasirikia mpaka leo. Hesabu nilikuwa nampelekea fundi kila Alhamisi baada ya Sala ya Isha, naye akizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, chini ya kandili ile ile.

Ni yeye aliyenilazimisha kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari deni la bangili mbili, kwa uzito wake, kwani mke wangu alinikopesha dhahabu na wala si shilingi za mwaka 2008. Moja niliirejesha mwaka 2011. Ya pili, kila nikikaribia, bei ya dhahabu hupanda ikaniacha. Mwenyewe hadai. Hupita tu dukani mara moja moja, akalifungua daftari ukurasa wa kwanza, akautazama, akalifunga.