Dishi, waya au antena? Mpangaji apime kabla ya kulipa

Wengi wetu huku Pwani tuna mtoto, mpwa au ndugu aliyepanga chumba Kibera akitafuta riziki. Mpwa wangu anayeishi Soweto West ameniuliza swali ambalo naona litawafaa na wengine: "Mjomba, ninunue dishi au nivute waya?" Jibu langu naliweka hapa, tusome sote.

Dishi hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kama mwenye kuswali, dishi nalo lina kibla chake; likigeuka kidogo tu, picha hupotea. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu na utosi wa Nairobi, kwa hivyo mawimbi yake huteremka karibu wima. Hata vyumba vikibanana, ghorofa ya jirani haiyazuii. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, na kwa mtu wa Nairobi huko ni upande wa magharibi, basi sharti upande huo uwe wazi.

Ubaya wa dishi ni kwamba mvua kubwa hukata picha. Tena halitaki kufungwa kwenye mabati yanayotikisika kwa upepo. Lifunge kwenye bomba la chuma lililosimama imara, na umuombe mwenye nyumba ruhusa kwanza.

Waya wa kampuni hausumbuliwi na mvua, lakini hufika pale tu kampuni ilipoutandaza, aghalabu kwenye maghorofa na mitaa iliyopangika. Waya anaousema mpwa wangu si huo. Ni wa jirani mwenye king'amuzi kimoja, anayewagawia wenzake kwa ada ndogo ya mwezi.

Huo namkataza. Malipo ya king'amuzi ni ya nyumba moja, na kuyauza kwa wengine ni kuvunja makubaliano; sisi tunajua uzito wa haki ya mtu. Jirani asipolipa, nyote mko gizani na hamna pa kushtaki. Kubwa zaidi ni usalama. Waya hizo hupita juu ya mapaa pamoja na nyaya za umeme zilizovutwa kiholela. Ganda likichubuka, mabati hushika umeme, na mtoto akigusa ukuta wa bati huenda ukawa msiba. Hakuna filamu yenye thamani hiyo.

Ipo njia ya tatu ambayo wengi huisahau. Mitambo ya analogi ilizimwa Nairobi na Mombasa kufikia mwaka 2015. Tangu hapo stesheni kama Citizen, NTV, KTN na KBC hurushwa kidijitali kwa minara ya ardhini. Unahitaji antena na king'amuzi cha bure, ununue mara moja, bila ada ya mwezi. Runinga nyingi za sasa zina king'amuzi ndani yake. Tazama kwenye kartoni kama pameandikwa DVB-T2 kabla hujauziwa kifaa usichokihitaji. GOtv pia hutumia antena, ila chaneli zake nyingi ni za kulipia.

Wahenga walisema kila mtu hujikuna ajipatapo. Kama haja yako ni habari na vipindi vya hapa nchini, antena inakutosha. Ukitaka tamthilia za Bara na Visiwani au ligi za mpira, nunua dishi lako mwenyewe, ulipie miezi unayojimudu. Siku ukihama, utalifungua uende nalo. Waya wa jirani utauacha ukutani pamoja na pesa zako.

Na chochote utakachochagua, tia kifaa cha kulinda runinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Bei yake ni ndogo kuliko ya runinga mpya.