Je, wajua? Madoa yakitoweka, samaki bado ni mgonjwa

Samaki wa tangini akianza kujisugua kwenye mawe, na mapezi yake yakawa kama yaliyonyunyiziwa chumvi, wafugaji wengi hununua dawa, hutibu siku tatu, na madoa yakitoweka huacha. Hapo ndipo samaki wengi hupotea bure.

Ugonjwa huo ni doa jeupe. Huletwa na kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, ambacho Mfaransa Fouquet alikieleza mwaka 1876. Kila doa ni kimelea kimoja kizima, kinachoweza kufikia milimita 1, kimejificha ndani ya ngozi kikila seli za samaki. Dawa iliyo majini haikifikii. Kikishiba hutoboa ngozi na kutoka, hujibandika kwenye changarawe au majani, hujifunika kwa utando wenye utelezi, kisha hugawanyika na kugawanyika hadi kuwa mamia ya watoto. Humo pia kina kinga. Watoto wakichomoka, huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata kwa takriban siku mbili hufa. Dawa huua katika kipindi hicho tu.

Kwa hiyo doa linapotoweka, kimelea kimeshuka kuzaa. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi mzunguko wote huchukua chini ya wiki. Katika nyuzi 10 hupita mwezi. Ndiyo sababu wafugaji wa samaki wa maji ya joto hupandisha joto taratibu hadi nyuzi 28 au 30, ili watoto watoke upesi wakutane na dawa. Pampu ya hewa isikosekane, maana maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na matamvua ya mgonjwa huenda tayari yameshambuliwa. Anaweza kufa kwa kukosa pumzi hata kama mwilini huoni doa.

Chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa lita husaidia, lakini kambare na wenzake wasio na magamba huihimili kwa shida. Dawa ya malakaiti ya kijani ina nguvu zaidi. Ni sumu, isitumike kamwe kwa samaki wa kuliwa. Ondoa mkaa kwenye chujio kwanza, la sivyo mkaa huo utainyonya dawa yote. Endelea kutibu walau wiki nzima baada ya doa la mwisho.

Kinga bora, kwa maoni yangu, ni tangi la pili la kuwatenga samaki wageni. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa kutoka Kigoma hadi Ulaya katika mifuko ya plastiki yenye oksijeni, hufika wamechoka, pengine wamepigwa na baridi, na uchovu huo hupunguza kinga ya mwili. Mgeni yeyote, awe ametoka ziwani au duka la jirani, akae peke yake wiki nne. Wavu wake usiingie kwenye tangi kubwa kabla haujakauka kabisa, na mimea mipya ikae wiki moja kwenye ndoo isiyo na samaki.