Kabla ya kucheka, tuulize nani anashika kamera



Juzi vijana wa nyumbani walinitumia video ya kuchekesha, wameipiga kwa telefone pale pembeni ya ziwa. Kijana mmoja anayesema vizuri kabisa anaigiza mtu mwenye kigugumizi. Nilicheka. Kisha nikaona haya, maana mimi mwenyewe nilikuwa na kigugumizi nikiwa primaire, na wenzangu waliniiga hivyohivyo.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1913, sinema ikiwa bado haina sauti, kule Marekani Bert Williams, mchekeshaji mweusi mzaliwa wa Bahamas, aliigiza katika filimu yenye waigizaji weusi wengi. Yeye ni mweusi, lakini usoni alipakwa rangi nyeusi tena! Ndivyo wachekeshaji weusi walivyotakiwa kuonekana wakati ule. Kumbe wenzake katika filimu ileile hawakupakwa: wamevaa vizuri, wanacheza dansi, wanapendana kama watu wote. Filimu haikumalizwa. Ililala katika jumba la makumbusho New York, ikaonyeshwa watu mwaka 2014. Miaka mia moja!

Na kwetu Kongo? Miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst, Mbeleji, alitengeneza kule Kasai filimu za Matamata na Pilipili: mmoja mnene, mwingine mwembamba, mfano wa Laurel na Hardy. Batu walicheka sana, na wale waigizaji walikuwa na kipaji cha kweli. Lakini padri njo alishika kamera. Na serikali ya Wabeleji ilichuja kwanza filimu ambazo Mwafrika angeruhusiwa kuona.

Katika vichekesho vya namna hii, mwili njo unasema yote: sura, nguo, namna ya kuanguka. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Je, sisi tumo?" Tuulize pia: nani amepanga tuonekane hivi? Charlot alijua siri moja: alimwangusha polisi na tajiri, na maskini wakacheka naye.

Nimetazama ile video mara ya pili. Nyuma ya waigizaji kuna mtoto amesimama. Ninamjua, ana kigugumizi cha kweli. Wote wanacheka, yeye hacheki.

Nimewapigia vijana simu, nimewaomba wamuulize yule mtoto video ijayo iwe ya nini. Nanyi wenye wadogo nyumbani, muwaambie hivyo pia.