Mtunza Panya Naye Ajenga Taifa

Neno panya likitajwa mbele ya mkulima, mkono wake huitafuta fimbo. Hatumlaumu hata kidogo. Panya wa shamba hula mbegu kabla haijaota, na mavuno yakiingia ghalani huyafuata huko huko. Lakini leo twataka kumnena panya mwingine, naye ni buku, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni, ambaye katika mji wetu wa Morogoro hafukuzwi. Hulishwa, hutibiwa, hufundishwa, na mwisho hupelekwa kazini. Tena, zaidi ya buku mwenyewe, twataka kuwanena watu wanaomtunza.

Habari yenyewe ni hii. Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, ambaye alifuga panya tangu utotoni, aliona ya kuwa pua ya mnyama huyu yaweza kunusa baruti iliyozikwa ardhini. Mwaka 1997 ikaanza kazi ya shirika liitwalo APOPO, na mwaka 2000 kazi hiyo ikahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Buku alichaguliwa kwa sababu ni mnyama wa Afrika, amezoea hali ya hewa yetu na maradhi ya kwetu, na akitunzwa vema aweza kuishi miaka 8. Uzito wake ni kilo 1 au zaidi kidogo, hautoshi kulipua bomu analolikanyaga. Naye hutafuta baruti, wala si chuma. Kwa hiyo hapotezi wakati kwa misumari na vizibo vya chupa.

Msumbiji waliiona faida yake. Sisi tulio majirani twakumbuka ya kuwa FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na ya kuwa baada ya uhuru wa mwaka 1975 ndugu zetu hao waliteswa na vita vingine hata mwaka 1992. Vita vilikwisha, mabomu yakabaki. Mama aliyekwenda kisimani hakujua kama atarudi na miguu yake yote miwili. Buku wa Morogoro wakafanya kazi huko pamoja na watu na mashine, na mwaka 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa nchi isiyo na mabomu ya kutegwa ardhini. Tangu mwaka 2007 panya wengine hunusa makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja aweza kupitia vipimo 100 kwa dakika 20, kazi ambayo yaweza kumchukua mtaalamu mwenye hadubini siku 4. Pale panya anapoonyesha dalili, maabara hupima tena, na wagonjwa waliokuwa wamekwisha kuambiwa ni wazima hupatikana na kutibiwa.

Basi, wanyama hawa hutoka wapi? Hapa ndipo penye shabaha yetu. Watu wengi hudhani ya kuwa panya ni mnyama asiyehitaji kufugwa, kwa kuwa huzaana hata pale asipotakiwa. Kwa buku si hivyo. Mimba yake huchukua karibu mwezi mmoja, na watoto huwa wachache, mara nyingi hawazidi 4 au 5. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza mwaka 2023 ya kuwa buku jike aweza kukaa muda mrefu maumbile yake ya uzazi yakiwa yamefunga, hata dume akiwekwa karibu naye asipate mimba. Mtunzaji hana budi kumjua kila jike kwa tabia yake, na kungoja. Anayeharakisha huambulia majeraha, kwa maana buku wasiopatana huumana vibaya.

Nyumba yao yataka hewa. Mkojo wa panya ukikaa katika maranda hutoa harufu kali ya amonia, na harufu hiyo huharibu mapafu. Panya anayepiga chafya kila siku ametunzwa na mtu aliyechelewa kufagia. Joto nalo ni adui, maana panya hatoi jasho kama sisi. Jua likali kwenye bati lisilo na kivuli laweza kumwua kwa mchana mmoja. Kila mmoja apewe chungu au sanduku la kujifichia, kwani yeye ni mnyama wa usiku na wa shimoni, na asipopata pa kujificha hukonda kwa hofu. Apewe na kipande cha mti mgumu cha kuguguna, kwa sababu meno yake hayakomi kukua maisha yake yote. Yasipopunguzwa humzuia kula.

Chakula chake kiwe cha namna nyingi: nafaka, matunda, mboga, karanga, na dagaa kidogo. Lakini mtunzaji asidanganywe na sahani tupu. Buku hujaza mashavu yake, akaenda kuficha chakula kitandani mwake, na matunda yaliyofichwa huoza. Kila asubuhi sharti malazi yatazamwe. Na kila panya awe na daftari lake, apimwe uzito kwa siku zilizopangwa. Mnyama hawezi kusema kuwa anaumwa. Uzito unaopungua ndio ulimi wake.

Katika uzazi, daftari ni muhimu zaidi. Ndugu wakizalishwa na ndugu kwa vizazi kadhaa, ukoo hudhoofika. Damu mpya hutafutwa porini, lakini mgeni haingii bandani siku ile ile. Hutengwa kwanza, akachunguzwa, asije akaleta maradhi na chawa. Jike aliyezaa aachwe kwa utulivu, kwani akisumbuliwa aweza kuwaua watoto wake. Watoto huzaliwa uchi na vipofu. Yapata mwezi mmoja, macho yakiwa yamefunguka, huanza kushikwa kwa upole kila siku, wasikilizishwe sauti za magari na kelele za watu, ili wasiogope. Mafunzo ya kunusa huja baadaye, nayo huchukua miezi 9 au zaidi. Mtoto aliyeshikwa kwa ukali katika wiki zake za kwanza hafundishiki kwa urahisi tena.

Ndiyo maana tunasema ya kuwa ushindi wa uwanjani huanzia bandani. Magawa, buku aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, aligundua mabomu ya ardhini na silaha nyingine zisizolipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza lihudumialo wanyama, PDSA, lilimpa nishani ya dhahabu. Mwaka 2021 akastaafu, na Januari 2022 akafa kwa uzee. Dunia nzima ilimwona akivaa nishani yake. Lakini yule aliyefagia banda alimozaliwa, aliyempima uzito, aliyemshika kwa mara ya kwanza macho yalipofunguka, jina lake halikutajwa redioni.

Ndugu wafanyakazi, hatusemi hayo kwa kumwonea kijicho mnyama. Twasema kwa sababu yapo makosa tunayoyarudia katika kila kiwanda na kila ofisi: twashangilia bidhaa, twamsahau aliyeanza kazi kabla ya mapambazuko. Buku hufanya kazi asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, masikio yake hupakwa mafuta ya kuyakinga na jua, ana siku za mapumziko, ana daktari, na akichoka hustaafu akiendelea kulishwa. Yote hayo ni haki, na kazi yake imekuwa njema kwa sababu ya hayo. Haifai, basi, mahali popote panapofugwa wanyama, mtu anayewatunza akose glavu, akose sabuni, au akose matibabu anapoumwa na jino la panya. Tukijua kumtunza panya ili afanye kazi, hatuna udhuru wa kutojua kumtunza mtu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtaalamu, mwalimu wa panya na mfagizi ni vidole vya mkono mmoja. Atakayepita barabara ya Morogoro na akute mtu amebeba ndoo ya maranda machafu, asimcheke. Huenda mtoto wa Msumbiji acheza mpira leo kwa sababu ndoo hiyo ilibebwa kwa wakati wake.