Wagonjwa wakiandika namba, si maneno tu

Siku hizi hapa Mombasa ni nadra kumpata mgonjwa wa kisukari asiyekuwa kwenye kundi la WhatsApp la wenziwe. Humo mna salamu za Ijumaa, mna dua, mna picha za mlonge na habasoda, na kila baada ya siku mbili mtu huandika: "Mimi hii imenisaidia sana." Sibezi. Mtu aliyeambiwa leo kuwa ataishi na maradhi maisha yake yote hupata kwa wenziwe faraja ambayo daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hana wakati wa kuitoa. Lakini wagonjwa wanaweza kutengenezeana kitu zaidi ya faraja, na kisa kinachonionyesha hivyo ni cha Marekani.

Mwaka 1998, Stephen Heywood, kijana wa miaka 29 aliyekuwa akijenga na kukarabati nyumba, aligunduliwa kuwa na ALS, maradhi yanayoua neva zinazoendesha misuli. Mgonjwa hupoteza mikono, miguu, sauti, na mwisho pumzi. Wengi hawapitishi miaka mitano. Ndugu zake wawili, James na Ben, pamoja na rafiki yao, walianzisha mwaka 2004 mtandao wa wagonjwa uitwao PatientsLikeMe. Stephen alifariki 2006. Mtandao ukabaki.

Tofauti yake na makundi yetu ni moja. Mwanachama hakuulizwa tu anajionaje. Alijibu maswali 12: anaongea vipi, anameza vipi, anaweza kuandika, kupanda ngazi, kupumua? Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 48. Baada ya muda alijibu tena yale yale, na kando yake akaandika dawa anayotumia, kiasi gani, na tarehe aliyoanza.

Mapema 2008 watafiti wa Italia walitangaza kuwa lithiamu, dawa ya zamani ya maradhi ya akili, inapunguza kasi ya ALS. Walikuwa wamewachunguza wagonjwa 44 tu, na kati ya 16 waliopewa lithiamu hakuna aliyekufa katika miezi 15. Hebu jiweke mahali pa mtu aliyebakiwa na miaka miwili. Utasubiri utafiti mwengine? Wengi hawakusubiri. Waliwaomba madaktari wao wawaandikie, wakaanza kumeza, na wakaendelea kujaza zile alama.

Watafiti wa mtandao ule wakawachukua wagonjwa 149 waliomeza lithiamu, wakawalinganisha na 447 ambao hawakuimeza lakini hali yao hapo awali ilikuwa ikishuka kwa kasi ile ile. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yameshuka sawasawa. Dawa haikusaidia kitu. Matokeo yalichapishwa 2011 katika jarida la Nature Biotechnology, na majaribio ya hospitali nayo yakafikia hapo hapo. Ni kweli, wagonjwa walijua wanachomeza, kwa hivyo ushahidi wao peke yake haukutosha.

Hata hivyo, kwangu hiyo ndiyo thamani. Lithiamu ikizidi mwilini hudhuru figo. Lau lingekuwa kundi la maneno matupu, tungemsikia yule ambaye hali yake ilitulia kwa wiki mbili akashukuru. Waliokufa hawatumi ujumbe.

Kuna suala la nani anafaidika. PatientsLikeMe ilikuwa ikiuzia kampuni za dawa data ya wanachama, bila majina yao, na iliwaambia hivyo waziwazi. Mwaka 2019 ikanunuliwa na UnitedHealth Group, jitu la bima ya afya. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Admini anayesambaza picha ya majibu ya maabara ya mwanachama bila idhini yake ajue anachezea nini.

Kundi la kisukari laweza kuanza na mwezi wa Ramadhani. Kila aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga aandike sukari yake kabla ya daku, adhuhuri, alasiri, na saa mbili baada ya futari, pamoja na dawa alizotumia na saa alizozitumia. Kujidunga kidole hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, na sukari ikishuka chini ya 3.9 madaktari husema mtu afungue hapo hapo, asingoje magharibi. Siku hiyo nayo iandikwe. Mwezi ukiandama, majina yaondolewe na karatasi ipelekwe kliniki, na waliokatiza njiani wahesabiwe pamoja na waliomaliza.