Fahamu: Saikopathi ni kundi la watu au ni kiwango?

Julai 2021 polisi wa Kenya walisema Masten Wanjala amekiri kuua watoto zaidi ya kumi, wa kwanza akiwa msichana wa Machakos. Tulimwita saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto, tukamaliza. Umati ulimuua Bungoma Oktoba mwaka huo, kabla ya kesi.

Lakini orodha ya Mkanada Robert Hare ya kupima usaikopathi ina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2. Kwa kawaida mwenye 30 kati ya 40 ndiye huitwa saikopathi. Mwenye 29 je? Panda kutoka Machakos mjini kwenda Kathiani, uniambie Milima ya Iveti inaanzia jiwe lipi. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada walidai kundi la kipekee la saikopathi lipo. Tafiti nyingi za baadaye zimeona mteremko tu. Hata muuza nyanya anayekufichia mbovu chini ya mkebe, akitabasamu, ana alama yake moja.