AG 100 ya zamani: kabla ya kuiwasha
Zile Yamaha AG 100 za zoni za afya, nyingi zimelala nyuma ya nyumba. Fundi anaweza kuchonga silinda, kuweka pistoni kubwa kidogo, na kutoa karbiratere kwenye moto nyingine iliyokufa. Lakini siku ya kwanza tu, pistoni inaungua. Juu ya nini? Mafuta ya chini ni ya vitesi tu. Pistoni inapakwa na mafuta yanayoletwa na pampu ndogo. Pampu ya zamani inaweza kuwa na hewa ndani. Basi, mwanzoni changanya mililita 50 za mafuta ya injini hizo katika kila lita ya esansi. Ukiona mafuta ya tangi yake yanapungua, pampu inafanya kazi: rudia esansi tupu.